Figo zilisingiziwa kila kitu, kumbe na ini lilikuwemo

Nimeingia kwenye mashine mwezi wa tatu 2013, kwahiyo sa hivi nina miaka 12 na kitu ya kusafishwa damu, Jumatatu Jumatano Ijumaa, masaa manne manne. Mi ni fundi cherehani, naishi Temeke, kwetu Tanga. Nataka niongelee hepa C, yani homa ya ini aina ya C, kwasababu kila siku pale kwenye viti naona mtu mpya anapimwa, anaambiwa unayo lakini ini lako halina shida, anashukuru Mungu anaendelea na maisha yake. Na mi niliambiwa hivohivo, nikakaa na hilo neno karibu miaka 4. Mwenzangu wa kiti cha pembeni alizikwa nalo.

Nilivoanza damu yangu ilikuwa 5. Ile sindano ya kupandisha damu ilikuwa bei na inatakiwa mara kwa mara, kwahiyo mimi mwaka wa kwanza wote nilikuwa mtu wa kutundikiwa chupa za damu, leo moja, wiki ijayo nyingine, ndugu zangu wakawa wanapishana kwenda kuchangia. Siku ya kuanza walinipima vitu vitatu, ukimwi, hepa B na hepa C, vyote hamna. Nikachanjwa ya B, na hapo nikajifunza kwamba sisi wa mashine tunapewa dozi kubwa mara mbili ya mtu wa kawaida kwasababu miili yetu haiipokei chanjo vizuri. Ya C haina chanjo, mpaka leo haina. Kwahiyo kinga yake ni kupimwa tu na usafi wa wale wanaokuhudumia. Tulitakiwa kurudia kipimo kila baada ya miezi 6. Nikarudia mara moja, mara ya pili vitendanishi vimeisha, mara ya tatu hakuna aliyenikumbusha na mi sikuuliza, kwasababu akili yangu yote ilikuwa kwenye hela ya mashine na kilo za maji yanayojaa mwilini.

Mwisho wa 2015 nikasafiri mkoani, mtoto wa dada alikuwa anaolewa, na ukisafiri lazima utafute sehemu ya kusafishiwa huko unakoenda maana harusi haisubiri na mwili hausubiri. Wale wa huko wakagoma kabisa kunipokea bila vipimo vipya. Nikaona usumbufu, nikanuna, wakanichoma, nikakaa kwenye benchi na gauni la harusi kwenye mfuko. Akatoka kijana wa maabara akamuita sista pembeni, sista akaja akaniinamia akaniuliza, mama, hepa C yako unaijua? Nikamwambia sina. Akanionesha.

Niliporudi Dar nikauliza. Wakatupima wote wa shifti yetu, tulikuwa 12, wanne tukakutwa nayo. Sitataja kituo, na wale manesi wengi wao walikuwa watu wazuri mno kwangu, lakini ukweli nilikuwa nauona kwa macho yangu miaka miwili bila kujua naona nini. Kichupa kimoja cha heparini, ile dawa ya kuzuia damu isigande kwenye mipira, kinavutwa bomba la huyu, kinavutwa bomba la yule. Toroli la dawa linasukumwa kiti mpaka kiti. Nesi mmoja watu sita, mashine inalia huku anakimbia, inalia kule anakimbia na glavu zilezile. Mtu akitolewa kiti bado cha moto mwingine anakaa, kitambaa kimepita juujuu. Watu wanadhani virusi vinapita ndani ya mashine, kumbe kwenye ule mchujo vitundu ni vidogo, kirusi kizima hakipenyi. Kinachotembea ni mikono, vichupa, na matone ya damu ambayo hata huyaoni, na tone likikauka juu ya meza kirusi kinaweza kukaa hai wiki kadhaa. Inawezekana nilipata hapo, inawezekana ni zile chupa za damu za mwanzo, mi sitaki kumbebesha mtu dhambi nisiyokuwa na uhakika nayo, ila watu wanne kwenye shifti moja kwakweli sio bahati mbaya.

Sasa hapa ndo penyewe. Dokta akaniandikia vipimo vya ini, kimoja kinaitwa SGPT, ikaja 22, ya kawaida kabisa, akaniambia mama ini lako zima, hivi virusi vipo tu vimelala, vinakwenda taratibu sana, wewe pambana na figo. Na kweli hawakudanganya kwamba vinakwenda taratibu. Katika watu 100 wanaoambukizwa, kuna kati ya 15 na 45 mwili unavifukuza wenyewe ndani ya miezi 6 bila dawa, waliobaki vinakaa, na katika hao waliobaki kama 15 mpaka 30 katika mia ini linaota makovu mpaka linakuwa gumu, sirosisi, ndani ya miaka 20. Mtu ukisikia miaka 20 na wewe unaishi kwa kuhesabu Jumatatu na Jumatano unaona ni habari za mtu mwingine kabisa. Yani nilisema moyoni, nikifika huko nitachinja mbuzi.

Kitu ambacho hakuna aliyeniambia ni kwamba ile SGPT kwetu sisi haisemi ukweli. Mtu wa mashine vipimo hivyo vya ini vinasoma chini kuliko kwa mtu mwenye figo nzima, kwahiyo 22 yangu sio 22 ya jirani yangu anayetembea na figo zake mbili. Unaweza kuwa na virusi vinachemka na makovu yanapanda na karatasi imeandikwa kawaida. Na kile kipimo cha haraka nacho kinatafuta kingamwili, yani alama kwamba mwili umewahi kukutana na kirusi, sio kirusi chenyewe, na mtu aliyeambukizwa juzi kinaweza kusema hamna kwa wiki nyingi. Kinachotafuta kirusi chenyewe kinaitwa RNA. Nilikaa na hepa C mpaka 2019 bila hata mara moja kupimwa RNA, sikulijua hata hilo neno.

Na dawa? Wakati ule nilivouliza nikajibiwa ipo sindano ya interferoni, unachoma kila wiki miezi na miezi, na vidonge vya ribavirini, lakini ribavirini inavunja chembe za damu na hutolewa na figo, sasa mtu hana figo na damu yake 8, utamuua. Nikaelewa, nikakubali. Baadae tukasikia vidonge vipya vimetoka Marekani vinaponesha, sofosbuviri, nikamkimbilia dokta, akaniambia hiyo nayo sehemu kubwa inatoka kwa njia ya figo, bado hatujui kwa watu wa mashine, subiri. Nilisubiri. Mwanangu wa kwanza ndo alikuwa anasoma soma akaniambia mama 2016 imepitishwa dawa nyingine huko huko inayofaa watu wa figo, mpaka wa mashine, nikaulizia mtaani kote Kariakoo na hospitali tatu, sikuipata. Nikachoka, nikaacha kuuliza. Naona aibu kidogo kuandika hivi ila ndo ukweli, kuna kipindi mgonjwa unachoka kuuliza.

Kiti cha pembeni yangu alikuwa anakaa mzee mmoja mstaafu wa reli, mimi nikimuita baba na yeye akiniita mwanangu, na kabla sijakaa ananiuliza leo umeongeza kilo ngapi kama vile anauliza za nyumbani. Yeye alikuwa mmoja wa wale wanne, na alikuwa na sukari pia. 2018 akaanza kuchoka, lakini nani wa mashine hachoki. Akawa anawashwa usiku halali usingizi, wakasema fosifeti, madini ya kwenye chakula, imepanda kwenye damu, punguza maharage na maziwa. Tumbo likaanza kujaa. Wakasema baba unakunywa maji mengi, akaapa kwa jina la Mungu hanywi, mke wake akaapa, ikaonekana ni ubishi wa wazee. Wakawa wanamvuta maji mengi zaidi, akivutwa presha inaanguka, macho yanapinduka, wanamrudishia dripu, kwahiyo anaondoka na maji yaleyale aliyokuja nayo. Miguu inapungua tumbo halipungui. Mi nilikuwa naona, nimekaa nusu mita kutoka kwake, masaa manne, siku tatu kwa wiki, naona mikono inaisha nyama tumbo linakua, na mimi nikawa nasema ni figo. Wote tulisema ni figo. Figo zilisingiziwa uchovu, zikasingiziwa kuwashwa, zikasingiziwa kukosa hamu ya kula, zikasingiziwa tumbo, mpaka siku aliyotapika damu nyumbani kwake alfajiri.

Huko alikolazwa ndo wakapiga ultrasaundi ya ini. Ini limesinyaa, lina vinundu, maji ya tumboni ni ya ini, mishipa ya kwenye umio imevimba ndo iliyopasuka, na kulikuwa na uvimbe ambao hawakuupenda. Alirudi kwenye kiti chake kama wiki tatu. Siku moja akaniambia mwanangu, na wewe unayo hii, kapime ini lako, usisubiri tumbo. Hakusema kwa uchungu, alisema kama mtu anakuelekeza njia. Alifariki mwaka 2019 mwezi wa nane. Nilimshonea mke wake nguo za msiba.

Sasa mtu atauliza, mbona miaka 20 haijafika? Kwanza hatujui yeye aliipata lini, huenda alikuwa nayo kabla hajaanza mashine kile kipimo hakikuiona, mzee kama yule ameshachomwa sindano ngapi maishani. Pili ile 15 mpaka 30 ni ya watu kwa ujumla, na mtu mwenye sukari ini lake linaharibika haraka zaidi. Na wataalamu wamefatilia watu wa mashine nchi nyingi, wale wenye hepa C wanakufa mapema kuliko wenzao wa mashine wasiokuwa nayo, na sio kwa ini peke yake, hata moyo. Hilo la moyo liliniuma kwasababu kwenye shifti yetu mtu akianguka kwa moyo hakuna anayeuliza habari ya virusi.

Baada ya msiba nikaenda kupima ini kwa ile mashine inayogonga ubavuni, fibroskani, haichomi wala haiumi. Nilienda Jumatatu asubuhi kabla ya kusafishwa, nina kilo tatu na nusu za maji, ikasoma 14 na ushee, dokta akaniambia mama hii ni sirosisi. Nililia kwenye daladala mpaka konda hakunidai nauli. Alhamisi dokta mwingine, binti mdogo tu, akaangalia tarehe akaniuliza ulipimwa kabla ya mashine au baada? Akasema rudi baada ya kusafishwa, maji mwilini yanalifanya ini lisome gumu kuliko lilivyo. Nikarudi Jumamosi, ikasoma 10. Makovu yapo, mengi, hatua moja kabla ya sirosisi, ila hatujafika. Kama una hepa C na upo kwenye mashine hilo liandike mahali, fibroskani ni baada ya kusafishwa, ukiwa kwenye kilo zako kavu, yani uzito wako maji yakishatolewa.

Huyo binti ndo alinipima RNA, virusi laki kadhaa, akasema zile dawa tulizokuwa tunaogopa zimeshatumika kwa watu wa mashine, na Marekani mwishoni mwa 2019 wamebadilisha maelezo yake, sofosbuviri pamoja na velpatasviri inaruhusiwa hata kwa mtu ambaye figo zimekufa kabisa, dozi ileile, haipunguzwi. Kidonge kimoja kwa siku, wiki 12, vidonge 84, na hufanya kazi kwa aina zote za kirusi, ya kwangu ilikuwa aina ya 4 ambayo ndo imejaa huku kwetu na Misri. Ikaja korona, mambo yakasimama. Mpaka 2021 ndo nikaipata, ya kutengenezwa India, kwa mchango wa grupu la familia, mdogo wangu wa Muheza aliuza mbuzi wawili. Bima haikugusa.

Kabla ya kuanza alinitoa omeprazoli. Nimeinywa miaka, tumbo langu linaungua, lakini hiyo dawa ya kupunguza asidi inazuia velpatasviri isiingie vizuri mwilini, unaweza kumaliza dozi nzima na hela ya mbuzi na usipone. Akaangalia tena hepa B, kwasababu kama ipo imejificha hizi dawa za C zinaweza kuiamsha. Akanikataza mitishamba yote, na nilikuwa nakunywa mlonge. Nilikunywa kidonge changu saa 2 usiku kila siku, siku ya mashine na siku isiyo ya mashine. Kichwa kiliniuma wiki ya kwanza, basi. Miaka 6 naogopa, basi.

Wiki 12 baada ya kidonge cha mwisho wakapima RNA, haijaonekana. Huo ndo uponaji, sio kutuliza kama ilivyo kwa HIV au kwa hepa B, ni kupona, zaidi ya 95 katika mia wanapona. Kirusi chenyewe kiligunduliwa 1989, waliohusika wakapewa tuzo ya Nobel 2020, na mi 2021 kikanitoka. Mwanangu alinisomea hayo nikiwa kwenye cherehani nikazima mota nikae nisikie vizuri. Misri wamepima nchi nzima kwa kampeni iliyoanza 2018, wametibu mamilioni, Rwanda nao wakaanza mpango wao wa kuimaliza mwaka huohuo. Kwahiyo inawezekana, hata huku kwetu inawezekana, na kama kuna watu wa kuanza nao ni sisi ambao damu yetu inatoka nje ya mwili mara tatu kwa wiki.

Ila mambo hayakuishia hapo. Kwanza kile kipimo cha haraka kitasema ninayo mpaka nife, kwasababu kingamwili hazifutiki. 2022 nilihamia kituo kingine karibu na nyumbani, wakanichoma, mstari ukatokea, wakanipangia mashine ya kona peke yangu na sista akavaa glavu mbili mbili. Nikawaonesha karatasi ya RNA, hawakuijua. Mashine ya peke yake ni kwa ajili ya hepa B, hiyo kweli lazima itengwe, ya C muongozo wa kimataifa wa madaktari wa figo unasema usafi ufuatwe kwa kila mgonjwa na sio kumtenga mmoja, maana ukimtenga mmoja unajipa ruhusa ya kuwa mchafu kwa wengine. Sikusema kwa ukali. Nilienda na karatasi tatu, wiki ya pili wakanirudisha na wenzangu. Sasa hivi natembea na ile karatasi kwenye mfuko wa plastiki pamoja na kadi.

Pili, kupona hakukupi kinga, unaweza kuipata tena kesho kwenye kiti kilekile. Kwahiyo mimi kila miezi 6 napimwa RNA, sio kile cha haraka. Na makovu yangu yapo, saratani ya ini inaweza kuja hata virusi vikiwa vimeondoka kama ini lilishafika mbali, ndo maana kila miezi 6 pia ultrasaundi. Kuna wenzangu wamepona wakaacha kabisa kwenda, nawagombeza kila siku.

Habari ya figo mpya niseme kwa kifupi. Kaka yangu alijitolea, upandikizaji Muhimbili ulianza 2017, tukaingia kwenye vipimo baada ya mi kupona, damu zetu zikagombana, kingamwili zangu zinaishambulia damu ya kaka, wakasema ni zile chupa za damu nyingi nilizotundikiwa mwanzo. Niliumia. Bado natafuta mtu.

Nyumbani mume wangu alishtuka mwanzo, akatenga kikombe changu bila kuniambia, nikakiona juu ya friji. Nikamchukua tukaenda wote kwa dokta, akaelezwa kwamba haiambukizi kwa kula pamoja wala kukumbatiana wala kikombe, ni damu kwa damu, wembe, mswaki, sindano. Akapimwa hana, watoto wote watatu hawana. Kikombe akakirudisha mwenyewe kabatini. Kazini ilinisumbua zaidi maana fundi hujichoma, nikaanza kutenga sindano zangu za mkono na kila nikijitoboa nafunga kidole kabla sijagusa kitambaa cha mteja, na mpaka leo nafanya hivo.

Sa hivi nikikaa kwenye kiti naangalia. Sista akija na bomba la dawa nauliza kwa heshima, dada angu, hii umeivutia wapi, na siku hizi wanavutia mezani kule mbali na viti, kichupa cha mtu mmoja ni cha mtu mmoja. Naangalia glavu zinabadilishwa, mikono inaoshwa, kiti na uso wa mashine vinafutwa kwa dawa na vinakauka kabla mtu hajakaa. Mwanzo walinuna. Sasa kuna mmoja akiniona tu anainua mikono juu anionesha glavu mpya, na mi namuitikia kwa kichwa.

Ultrasaundi ya mwisho ilikuwa mwezi uliopita, ini halina uvimbe. Ngozi inaniwasha usiku bado, nikamwambia yule binti dokta, hakusema ni figo hapohapo. Alipima ini kwanza, akapima RNA, vikaja safi vyote, ndo akapima fosifeti, ikawa juu. Nimepunguza maharage.